Mfereji usiosafishwa na simu isiyosasishwa

Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu twalidharau, nalo ni kusasisha programu za simu. Najua wako watakaosema, "Karani naye, amekosa la kuandika?" Subirini kidogo. Simu siku hizi si ya kupigia tu. Ndani yake mmo fedha ya ada ya watoto, mmo akiba ya kikundi, mmo barua za jamaa walio mbali, na hata taarifa za jumuiya zetu hupitia humo. Kitu kinachobeba mambo mazito namna hiyo hakifai kuachwa kama jembe lililotupwa nyuma ya nyumba.

Neno lenyewe "kusasisha" ni geni masikioni mwa wazee, lakini si gumu. Lina "sasa" ndani yake: kusasisha ni kukifanya kitu kiwe cha sasa, kisibaki cha jana. Vijana wetu hupenda kusema "kuapdeti". Maana ni ile ile.

Sisi tunaokaa Themi twauona kila siku mto wenye jina hilo, unaoshuka kutoka Mlima Meru na kupita mjini Arusha. Na wale waliozaliwa huko juu mlimani, kama mimi, wanaijua mifereji. Wazee wetu, Wameru na Waarusha, waliichimba ili maji yafike migombani, kwenye kahawa na kwenye maharage. Je, mfereji ukishachimbwa, kazi imekwisha? La! Kila msimu watu huitwa, kila mtu na jembe lake, wakatoa matope, wakang'oa majani, wakaziba mashimo yaliyochimbwa na panya na kaa. Asiyekuja hutozwa faini. Hakuna mzee anayesema, "Mfereji huu ulichimbwa vizuri zamani, hauhitaji kuguswa." Anajua tundu moja dogo, likiachwa, laweza kumaliza maji yote kabla hayajafika shambani.

Basi programu ya simu nayo ni hivyo hivyo. Imeandikwa na watu, na watu hukosea. Mashimo hubaki ndani yake pasipo wao kujua. Siku moja mtu huligundua shimo. Akiwa mwema humwarifu mwenye programu, naye mwenye programu huandika kiraka cha kuliziba. Kiraka hicho ndicho kinacholetwa kwenye simu yako kwa jina la sasisho. Usidhani kila sasisho huleta rangi mpya na vikaragosi tu. Mara nyingi kubwa lililomo ni kuziba shimo.

Hapo pana jambo moja ambalo watu wengi hawalifahamu, nami naomba mlishike vizuri. Kiraka kikishatangazwa, wezi nao hukisoma. Wakiona mahali palipozibwa, wanajua shimo lilikuwa wapi. Kwa hiyo aliyesasisha amepona, lakini asiyesasisha yuko katika hatari kubwa kuliko jana, kwa kuwa sasa shimo lake linajulikana. Kukawia si kubaki pale pale. Kukawia ni kurudi nyuma.

YALIYOTOKEA ULIMWENGUNI

Labda mtasema haya ni maneno ya mwalimu tu, maana nilisomea ualimu kabla ya kushika kazi ya ukarani. Basi nitawapa mifano ya kweli.

Mwaka 2017, tarehe 14 Machi, kampuni ya Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba shimo katika mashine zake za Windows. Wengine waliweka kiraka hicho, wengine wakasema watafanya baadaye. Tarehe 12 Mei mwaka ule ule, yaani baada ya siku 59, ulitokea ugonjwa wa kompyuta ulioitwa WannaCry. Ulipita katika shimo lile lile, ukafunga mafaili ya watu na kudai fedha ili yafunguliwe. Kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150 zilipatwa. Huko Uingereza hospitali za serikali zilitikiswa vibaya. Wakuu wa huduma hiyo walikadiria kwamba miadi ya wagonjwa zaidi ya 19,000 ilivunjwa. Hebu fikiri: mgonjwa amesafiri, amefunga mkanda wa safari, amefika mlangoni, anaambiwa arudi nyumbani. Na dawa ya ugonjwa ule wa kompyuta ilikuwa imekwisha kutolewa miezi miwili kabla!

Mfano wa pili unahusu WhatsApp, ambayo karibu kila nyumba yenye simu janja inayo. Mwezi Mei 2019 kampuni hiyo ilitangaza kwamba limepatikana shimo katika sehemu ya kupiga simu. Mdukuzi aliweza kuingiza chombo cha upelelezi ndani ya simu ya mtu kwa kumpigia tu, hata kama mtu huyo hakupokea. Watu wapatao 1,400 walilengwa, wakiwamo waandishi wa habari na watetezi wa haki za watu. Kampuni iliwaomba watumiaji wake wote, waliokuwa zaidi ya bilioni moja, wasasishe programu upesi.  Aliyesasisha aliufunga mlango. Aliyepuuza aliuacha wazi.

Msomaji atasema, "Hao walikuwa watu wakubwa. Mimi mkulima wa ndizi, nani atanipeleleza?" Ni kweli, mpelelezi hana haja nawe. Lakini mwizi wa fedha anayo haja. Yeye haulizi cheo. Elfu hamsini ya mkulima huyu na elfu hamsini ya yule zikikusanywa, ni mtaji mzuri kwake.

MLANGO WA UWONGO

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Karani wa parokia huandika barua nyingi zisizo za parokia. Watu huja na shida zao, nami naandika. Siku moja mwaka jana alinijia mama mmoja mjane, jirani wa nyumbani kwetu mlimani. Alikuwa mweka hazina wa kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa. Aliomba nimwandikie barua kwa wazee wa kijiji.

Habari yake ilikuwa hii. Alipata ujumbe kwenye simu: "Ndugu mteja, programu yako ya fedha imepitwa na wakati. Sasisha sasa au akaunti yako itafungwa leo." Chini yake palikuwa na linki. Mama yule alikuwa amekwisha kusikia kwamba kusasisha ni vizuri. Aliogopa akaunti isije ikafungwa na fedha za wenzake zimo ndani. Akabonyeza. Ukafunguka ukurasa wenye rangi na alama anazozijua. Ukamwomba namba ya simu, akaandika. Ukamwomba namba ya siri, akaandika. Ukamwomba na tarakimu zilizotumwa kwa ujumbe, akaziandika nazo. Muda si muda shilingi 640,000 zilikuwa zimeondoka.

Lililomuumiza zaidi halikuwa fedha. Wenzake ishirini waligawanyika. Wengine walimwamini, wengine walinong'ona kisimani kwamba amezila, kisha ametunga hadithi ya wezi. Mama aliyeaminiwa miaka yote akawa anapita njia ya nyuma ili asikutane na watu. Barua niliyomwandikia ilieleza mambo kama yalivyokuwa, na kuomba apewe muda wa kulipa. Alipewa. Hadi leo analipa, wiki kwa wiki, kwa maziwa na ndizi anazouza. Wako wasiomsalimu hata sasa.

Tulipomaliza barua nilimwuliza, "Mama, je, programu nyingine za simu yako umezisasisha?"

Akanitazama kama niliyemtukana. "Mwanangu, neno hilo usinitajie tena. Mimi sisasishi kitu mpaka naingia kaburini."

Wasomaji wapenzi, hapo niliona jinsi wezi wanavyotuibia mara mbili. Kwanza wanachukua fedha. Kisha wanatuachia hofu, na kwa hofu hiyo tunakataa hata kile cha kweli kinachotulinda. Ni kama mtu aliyeuziwa dawa ya bandia sokoni, akaapa hatakwenda tena hospitali.

Haya si ya kwetu tu. Mwezi Novemba 2017 iligunduliwa programu ya uwongo ndani ya duka lenyewe la Google, iliyojiita "Update WhatsApp Messenger". Jina la mtengenezaji lilionekana sawasawa na lile la kweli, kumbe mwishoni paliongezwa alama isiyoonekana kwa macho. Watu zaidi ya milioni moja waliipakua kabla haijaondolewa. Ukiona hata wasomi wa miji mikubwa walinaswa, usimcheke mjane wa mlimani.

Basi tutajuaje sasisho la kweli? Shikeni mambo haya matatu.

La kwanza, sasisho la kweli haliji kwa linki ya ujumbe. Liko dukani, yaani Play Store kwa simu za Android, na App Store kwa simu za iPhone. Ukipata ujumbe unaosema "sasisha", usiguse linki. Funga ujumbe, nenda mwenyewe dukani, ukatazame. Kama sasisho lipo, utaliona huko. Kama halipo, umekwisha kumjua mwizi.

La pili, kusasisha hakuhitaji namba yako ya siri ya fedha, wala hakuna mtu atakayekupigia simu akikuomba tarakimu ulizotumiwa ili "akusasishie". Anayeomba hayo ni tapeli, hata akisema kwa Kiswahili kitamu na kukuita mzee wangu.

La tatu, ujumbe wa kitapeli usiufute kimya kimya. Upeleke kwa namba 15040, ambayo imewekwa na Mamlaka ya Mawasiliano kwa kazi hiyo. Ni namba ile ile tunayotumia kwa zile jumbe maarufu za "ile hela tuma kwenye namba hii". Ukifanya hivyo umemwokoa na jirani yako.

Tena jihadharini na programu zinazogawiwa mkononi. Vijana hurushiana programu kutoka simu hadi simu ili kuokoa bando, na mafundi wa stendi huweka WhatsApp za kienyeji, kama ile iitwayo GBWhatsApp, kwa kuwa zina madoido. Hizo hazitoki kwa mwenye WhatsApp. Hujui aliyeitengeneza ameweka nini ndani, na viraka vya kweli havikufikii. Tena WhatsApp yenyewe huweza kukufungia akaunti kwa kuitumia.

MASWALI YANAYONIJIA

Jumapili baada ya Misa, watu huniletea simu zao mlangoni pa ofisi. Maswali ni yale yale, nami nitayajibu hapa ili yawafae wengi.

Mzee mmoja aliniambia, "Karani, hiyo kusasisha inakula bando langu. Bora ninunue sukari." Nilimwambia, "Babu, neno lako ni la haki." Bando ni ghali kwa mkulima, na anayemlaumu mtu wa kijijini kwa kutosasisha hajui bei ya chumvi. Lakini ziko njia za kupunguza gharama. Si lazima usasishe kila kitu. Ukifungua Play Store, ukabonyeza picha au herufi ya jina lako iliyo juu pembeni, utapata mahali pa kutunza programu zako. Hapo huonyeshwa zile zenye sasisho na ukubwa wa kila moja. Chagua moja moja. Mara nyingi duka haliilezi programu nzima upya, huleta sehemu zilizobadilika tu. Unaweza pia kuiamuru simu isasishe pale tu inapopata Wi-Fi, kisha siku ukimtembelea mwanao mjini mwenye Wi-Fi nyumbani, kazi itafanyika wakati mnakunywa chai. Na mwenye bando la usiku alitumie kwa hili badala ya video za mpira.

Wapi pa kuanzia? Anza na programu za fedha. Kisha WhatsApp. Kisha Chrome au chombo kingine unachofungulia kurasa za intaneti. Kisha mfumo wenyewe wa simu. Michezo ya watoto na programu za kupamba picha zije mwisho. Na zile usizozitumia tangu Krismasi, ziondoe kabisa. Programu isiyokuwamo haina shimo.

Mama mmoja akauliza, "Simu yangu inasema imejaa." Mara nyingi kilichojaza ni video na picha za salamu za asubuhi zilizotumwa na makundi. Futa hizo kwanza. Utashangaa nafasi itakayopatikana.

Mwingine alikuja na hofu, "Programu yangu ya Tigo Pesa imegeuka jina. Ni wezi?" Hapana. Mwaka 2024 Tigo ilibadili jina ikawa Yas, na Tigo Pesa ikawa Mixx by Yas. Mabadiliko ya namna hiyo hutokea. Ukiwa na shaka, nenda ukamwulize wakala unayemfahamu au duka la mtandao wako. Kuuliza si ujinga.

Na mwenye kitochi je? Huyo atulie. Menyu ya *150*00# ya M-Pesa, au *150*01# ya Mixx by Yas, au *150*60# ya Airtel Money, haikai ndani ya simu yako. Inakaa kwa mwenye mtandao, na yeye ndiye anayeitunza. Kwako wewe kazi iliyobaki ni kuificha namba ya siri.

SIMU ILIYOZEEKA

Kuna swali moja ambalo jibu lake halifurahishi. Mtu amesasisha vizuri, lakini simu yenyewe imezeeka, na aliyeitengeneza ameacha kuiletea viraka. Hapo bidii ya mwenye simu haitoshi. Tarehe 24 Oktoba 2023 WhatsApp iliacha kuhudumia simu zenye Android iliyo chini ya toleo la 5.0. Na mwanzoni mwa mwaka 2025 iliachana na simu ndogo zinazotumia mfumo wa KaiOS. Wako watu waliokuwa wamejinyima kununua simu hizo, na siku moja wakajikuta hawawezi tena kuongea na watoto wao kwa njia ile. Hilo si kosa lao, wala si haki kuwaita wazembe. Ni jambo ambalo wanaotengeneza simu wangepaswa kumwambia mnunuzi waziwazi: simu hii tutaitunza kwa miaka mingapi.

Kwa hiyo unapotaka kununua simu, usiulize bei na kamera tu. Muulize muuzaji: "Inatumia Android ya namba gani, na sasisho la usalama la mwisho ni la lini?" Wala usimtegemee kwa maneno. Fungua mipangilio ya simu, tafuta sehemu inayoeleza habari za simu yenyewe, na humo utaona tarehe ya sasisho la usalama. Kama tarehe ni ya miaka mitatu au minne iliyopita, jua unauziwa mfereji ambao hakuna tena mtu wa kuuziba. Bonyeza pia *#06# uone namba ya IMEI, kwani mnakumbuka simu bandia zilizozimwa nchini mwezi Juni 2016, watu wakaamka na vyombo visivyo na mtandao.

Na kama unayo simu ya namna hiyo tayari, wala huna fedha ya nyingine, usikate tamaa. Itumie kwa kupiga na kupokea. Fedha za kikundi usiziweke kwenye programu iliyomo. Tumia menyu ya nyota na reli. Mweka hazina wa kikundi hasa asikilize neno hili, kwa maana fedha alizobeba si zake.

KAZI YA NYUMBA NZIMA

Mwisho nina neno kwa vijana. Ninyi mnajua simu kuliko wazazi wenu. Mara ngapi mama amekuja na simu yake mkononi, nawe ukasema, "Lete hapa," ukabonyeza upesi upesi na kumrudishia bila kumweleza? Hivyo si kusaidia. Kaa naye. Mwonyeshe duka la kweli liko wapi. Mwache abonyeze yeye, hata kama anakawia. Wala usimwombe namba yake ya siri. Ukimzoeza kumpa mwanawe, kesho atampa na tapeli anayejifanya mwanawe.

Na ninyi wazazi, msione haya kufundishwa na mtoto. Sisi tuliosomea ualimu twajua kwamba mwanafunzi mzuri hatazami umri wa mwalimu.

Nashauri kila nyumba ichague siku moja katika mwezi, labda Jumamosi ya kwanza jioni, simu zote za nyumba ziwekwe mezani, zikaguliwe moja baada ya nyingine. Vikundi vya akiba navyo vifanye hivyo siku ya mkutano, kabla ya kuhesabu fedha, na simu ya mweka hazina itangulie. Hapo tapeli akituma ujumbe wake, atakutana na watu ishirini wanaojua, si mama mmoja aliye peke yake usiku na hofu ya akaunti kufungwa.

Huko mlimani hakuna aliyewahi kusafisha mfereji peke yake. Hata jambo hili tusimwachie mtu mmoja.